Saketi ya mota inafanya kazi kwenye kompyuta, mezani inaunguza mosfeti: tatizo liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimejitengenezea saketi ya kudhibiti kasi ya mota ya DC ya 12 V. Nimetumia IC ya 555 (inayotoa mapigo ya kuwasha na kuzima), potenshomita ya 100 kΩ, kapasita ya 10 nF, mosfeti ya IRFZ44N (swichi ya kielektroniki inayoikatia na kuirudishia mota umeme), na daiodi ya 1N4007 sambamba na mota. Kutoka mguu wa 3 wa 555 kwenda kwenye geti la mosfeti, yaani mguu wake wa kuamrishwa, nimeweka rezista ya 10 kΩ. Betri iko mita moja na nusu kutoka kwenye ubao. Mota ikizunguka bila mzigo inakula 2 A, na ikiwa na mzigo 3 A. Kwenye LTspice, programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta, mawimbi yalitoka mraba safi kabisa. Mezani, mosfeti ya kwanza ilidumu dakika chache, ikachemka, halafu mota ikaanza kwenda kwa kasi yote na potenshomita haikufanya kitu tena. Ya pili iliungua ndani ya sekunde nilipoizuia mota kwa mkono. Kwenye simulesheni sikuipata IRFZ44N kwenye orodha, kwa hiyo niliweka swichi ya kuigiza mahali pake, na mota niliichora kama rezista ya 6 Ω na koili ya 1 mH. Nina mita ya kawaida tu, sina osiloskopu ya kuonyesha umbo la mawimbi. Ni nini kinachoniunguzia mosfeti?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Ahsante kwa kuandika thamani zote, maana wengi huniandikia "saketi yangu haifanyi kazi" na kuniachia nikisie. Kwa ulichoeleza, mshukiwa wa kwanza ni ile rezista ya 10 kΩ kwenye geti. Mshukiwa wa pili ni daiodi. Wa tatu, nyaya ndefu za betri, bado amelala, lakini ataamka mara tu utakapomwondoa wa kwanza. LTspice haikukudanganya. Ilikujibu kuhusu saketi uliyoichora, na uliyoichora haina geti, haina mota inayozunguka na haina waya.

Tuanze na geti. Watu husema mosfeti haili mkondo kwenye geti, na ni kweli ikiwa imetulia. Ikiwa inawaka na kuzima, geti ni kama ndoo: lazima ijazwe ndipo iwake, imwagwe ndipo izime. Kwenye IRFZ44N sehemu inayosumbua ni chaji ya kati ya geti na dreni (mguu unaoungana na mota), ambayo karatasi ya data inaipa hadi 23 nC (nanokulombu). Chaji hiyo inapoingia, volteji ya geti husimama palepale, karibu 5 V kwa mikondo kama yako, na wakati huohuo volteji ya dreni ndiyo inayoshuka kutoka 12 V kuelekea sifuri. Hapo mosfeti imebeba volteji na mkondo kwa pamoja, na hapo ndipo joto linapozaliwa.

Sasa piga hesabu. 555 ya kawaida ikilishwa 12 V haitoi 12 V kwenye mguu wa 3. Inatoa kama 10.5 V. Ukitoa 5 V za geti, zinabaki 5.5 V juu ya rezista ya 10 kΩ, yaani mkondo wa 0.55 mA. Gawanya 23 nC kwa 0.55 mA, unapata karibu 42 µs (mikrosekunde). Kuzima nako kunachukua muda wa namna hiyo. Kwa hiyo kila mzunguko mosfeti yako inakaa kama 84 µs katikati ya kuwaka na kuzima, kwa 12 V na 3 A. Masafa yako nayajua kutokana na potenshomita na kapasita: yako kwenye 1.3 kHz hivi. Nusu ya 12 × 3, mara 84 µs, mara 1300, inatoka karibu 2 W.

Wati mbili si nyingi kwa kuzitaja, lakini IRFZ44N bila bati la kupoza hupanda nyuzi 62 kwa kila wati. Mbili zinakuwa nyuzi 124 juu ya joto la chumba, na kikomo cha ndani ni 175 °C. Ukinzani wake wa kuwaka nao huongezeka kadiri inavyopata moto. Ndiyo maana ya kwanza iliishi dakika chache badala ya kufa papo hapo. Ilikuwa inatembea ukingoni, mzigo ukaongezeka kidogo, ikaanguka. Mosfeti ikifa kwa joto mara nyingi huganda ikiwa shoti kati ya dreni na sosi (mguu wa kwenda hasi ya betri), kwa hiyo mota ikapewa 12 V moja kwa moja na potenshomita ikawa pambo.

Ya pili uliizuia mota kwa mkono. Mota isiyozunguka ni waya tu, na nina hakika waya huo haufiki 6 Ω. Nadhani uliipata 6 kwa kugawanya 12 V kwa 2 A. Kosa hilo ni la kawaida sana kwa wanaoiga mota kwa mara ya kwanza. Mota inayozunguka inazalisha volteji yake yenyewe inayopingana na ya betri, na volteji hiyo ndiyo inayouweka mkondo kuwa 2 A. Ukiishika rota, yaani sehemu inayozunguka, volteji hiyo inakuwa sifuri, na kinachobaki ni ukinzani wa nyaya za ndani. Kwa mota ya ukubwa huu tuseme 0.6 Ω. Hiyo ni 20 A kwa kasi yote. Potenshomita ikiwa katikati ni kama 10 A. Rudia hesabu ya juu kwa 10 A: unapata zaidi ya 6.5 W kwenye mosfeti isiyo na bati la kupoza. Sekunde zinatosha.

Usichukue 0.6 yangu ukaiandika, pima ya kwako. Mita ya kawaida haiaminiki kwenye ukinzani mdogo hivyo, kwa sababu nyaya zake zenyewe na mguso wa brashi vinaingia kwenye hesabu. Fanya hivi: funga rota isizunguke, unganisha mota na betri ukiwa umeweka balbu ya gari ya 12 V, 21 W kwa mfululizo, kisha pima volteji kwenye miguu ya mota na mkondo unaopita. Ukipata kwa mfano 1 V na 1.65 A, jibu ni 0.6 Ω. Geuza rota kidogo, pima tena sehemu kadhaa, uchukue wastani, maana brashi hazikai sawa kila mahali.

Tuje kwenye daiodi. Mosfeti inapozima, koili ya mota haikubali mkondo ukatike. Unaendelea kupitia daiodi. Wengi huidhani daiodi hiyo ni ya kunyonya cheche ndogo tu, ndiyo maana huweka yoyote iliyo karibu. Ukweli ni kwamba inabeba mkondo wote wa mota muda wote ambao mosfeti imezima. Kwa 3 A na potenshomita katikati, wastani wake ni 1.5 A. 1N4007 imetengenezwa kwa 1 A. Ulipoishika mota ilikuwa inasukumiwa wastani wa 5 A. Tena ni daiodi ya polepole, ya kugeuzia umeme wa 50 Hz: mosfeti inapowaka tena, daiodi hiyo huendelea kupitisha mkondo kinyumenyume kwa muda kabla ya kufunga, na muda huo betri inaona shoti kupitia mosfeti.

Kwa hiyo kabla ya kuweka mosfeti ya tatu, toa daiodi hiyo kwenye ubao na uipime. Mita ikiwa kwenye alama ya daiodi, upande mmoja inatakiwa isome karibu 0.6 V na upande wa pili isisome kitu. Ikiwa imekatika, yaani pande zote haisomi, basi mosfeti yako ya pili ilikuwa na adui mwingine: kila ilipozima, nishati ya koili yote iliishia ndani yake. Kwa 1 mH na masafa yako, hiyo inaweza kuzidi wati 10 hata kabla mota haijashika mwendo. Na ikiwa ina shoti, ukiwasha tu, mosfeti mpya inabandikwa moja kwa moja kwenye betri.

Marekebisho ni ya bei ndogo. Kati ya mguu wa 3 na geti weka 100 Ω. Ile 10 kΩ usiitupe; ihamishie kati ya geti na sosi, ambako kazi yake ni kulivuta geti chini wakati 555 haina umeme, lisielee. Nahisi ndipo ulipoiona kwenye mchoro fulani ikakuchanganya, kwa sababu thamani hiyo kwa nafasi hiyo ni ya kawaida kabisa. Kwa 100 Ω, mkondo wa kujaza geti unakuwa kama 55 mA, 555 inauweza bila shida, na zile 42 µs zinashuka hadi karibu 0.4 µs. Joto la kuwaka na kuzima linatoka 2 W hadi 0.02 W. Daiodi weka ya schottky, aina inayofunga haraka. MBR2045CT ni ya 20 A na 45 V, na za jinsi hiyo hupatikana kwenye pawasaplai mbovu za kompyuta. Ni daiodi mbili ndani ya kifuko kimoja: unganisha pamoja miguu ya pembeni iende dreni, wa katikati uende chanya.

Sasa yule mshukiwa wa tatu. Waya una induktansi, yaani kama koili unapinga mkondo kubadilika ghafla, kwa makadirio ya haraka 1 µH kwa kila mita ya jozi ya kwenda na kurudi. Jozi yako ya mita moja na nusu ni 1.5 µH. Ulipokuwa na 10 kΩ, mkondo ulikatika taratibu na induktansi hiyo haikuonekana. Ukiweka 100 Ω, 20 A zikikatika ndani ya 0.4 µs, waya unatoa 75 V juu ya 12 V za betri, wakati IRFZ44N kikomo chake ni 55 V. Kwa 3 A ni 11 V tu, kwa hiyo saketi itakwenda vizuri siku nzima, kisha itakufa mota ikikwama. Kasoro za namna hii ndizo zinazowafanya watu waseme elektroniki ina uchawi.

Dawa yake ni kapasita ya 1000 µF, 25 V au zaidi, ya aina yenye ukinzani mdogo wa ndani, pamoja na ya 100 nF kando yake. Ziwe ubaoni, sentimita chache kutoka kwenye sosi ya mosfeti upande mmoja na mguu wa daiodi unaokwenda chanya upande wa pili. Mzingo wa kapasita, daiodi na mosfeti uwe mdogo kadiri unavyoweza. Nyaya za kwenda kwenye mota zenyewe zikiwa ndefu si hatari kwa mosfeti, kwa sababu ziko mfululizo na koili ambayo tayari ina daiodi yake. Ni za betri zinazoua. Naona watu wengi wakifanya kinyume: wanaikaribisha mota na kuiacha betri mbali.

Turudi kwenye kompyuta, maana haya yote ungeweza kuyaona kabla ya kuunguza chochote. LTspice ni mzao wa SPICE, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973 kwa ajili ya kubuni saketi za ndani ya IC. Huko ndani hakuna mota wala waya wa mita moja na nusu. Ukivitaka, vichore mwenyewe.

Mota inachorwa kwa vipande viwili. Upande wa umeme ni rezista ya 0.6 Ω, koili ya 1 mH, chanzo cha volteji cha 0 V nilichokiita Vm ambacho kazi yake ni kupima mkondo, na chanzo cha B (chanzo ambacho thamani yake unaiandika kwa fomula) chenye `V=0.034*V(kasi)`, vyote kwa mfululizo. Hicho cha mwisho ndicho volteji ya kinyume. Upande wa pili ni wa mzunguko wa rota, na hapa kuna ujanja ninaoupenda: volteji inasimama badala ya kasi, mkondo badala ya nguvu ya kuzungusha. Kwenye nodi (sehemu ya kuungania nyaya) iitwayo kasi weka chanzo cha B chenye `I=0.034*I(Vm)` kinachosukuma mkondo kuingia kwenye nodi, kapasita ya 100 µF kwenda graundi kama uzito wa rota, na rezista ya 4.6 kΩ kwenda graundi kama msuguano. Mshale wa chanzo ukiuelekeza vibaya, mota itazunguka kinyume na mkondo utapaa badala ya kushuka. Utaiona mara moja.

Namba 0.034 inatoka wapi? Chukua mota bila mzigo: 12 V, 2 A, ukinzani 0.6 Ω. Volteji ya kinyume ni 12 kutoa 1.2, yaani 10.8 V. Kama rota inazunguka mara 3000 kwa dakika, hiyo ni radiani 314 kwa sekunde, na 10.8 kwa 314 ni 0.034. Weka kasi ya mota yako. Ukisoma nodi ya kasi ikiwa imetulia, "314 V" ni radiani 314 kwa sekunde. Zidisha kwa 9.55 upate mizunguko kwa dakika. Endesha kwanza na betri moja kwa moja, bila mosfeti, kwa 300 ms. Utaona mkondo ukiruka kuelekea 20 A, kisha ukishuka hadi 2 A kadiri kasi inavyopanda. Ukiuona mchoro huo hutarudi tena kwenye rezista ya 6 Ω. Ili kuiga mota iliyoshikwa, unganisha nodi ya kasi na graundi kupitia rezista ndogo sana.

Mosfeti usiibadilishe na swichi. Faili la modeli la IRFZ44N hutolewa na mtengenezaji bila malipo. Lihifadhi kwenye folda ya mchoro wako na uliite kwa amri ya `.include`. Daiodi vilevile ipe modeli halisi. Daiodi ya LTspice isiyo na jina haina kikomo cha volteji ya kinyume, haichelewi kufunga, na hata ukiipitisha ampea elfu haiungui. Kwenye nyaya za betri weka koili ya 1.5 µH na rezista ya 50 mΩ kwa mfululizo. Kisha endesha na 10 kΩ kwenye geti, na baadaye 100 Ω, ukitazama volteji ya dreni na joto la mosfeti (shikilia Alt ubofye juu yake, upate mchoro wa wati). Weka hatua ya muda iwe ndogo, isizidi 20 ns unapochunguza miruko ya 0.4 µs. Hatua kubwa inairuka kabisa ile sindano ya volteji na kukuacha ukiamini saketi ni nzima.

Mitego miwili ya kuandika thamani: kwenye SPICE herufi M ni mili, si mega, kwa hiyo rezista ya 1M inakuwa sehemu moja ya elfu ya Ω; ukitaka mega, andika Meg. Na 1F kwenye kapasita inasomwa kuwa femto. Ukiona mkondo wa ajabu, anzia hapo.

Ukirudi mezani, usiunganishe mota kwanza. Weka ile balbu ya 21 W mahali pa mota, ugeuze potenshomita. Mwanga uongezeke na kupungua bila kurukaruka, na mosfeti ibaki baridi ukiigusa. Pima mguu wa 3 kwa mita kwenye DC: potenshomita ikiwa katikati utapata kama 5 V, ambayo ni wastani. Lakini ujue kwamba mita hiyohiyo ingekuonyesha karibu namba ileile kwenye geti hata kukiwa na 10 kΩ, kwa sababu wastani haubadiliki. Ni kingo za wimbi zinazolala. Ndiyo sababu hata ukipima kwa mita huoni kosa. Kuna wanaotumia kadi ya sauti ya kompyuta kama osiloskopu, ila ikisoma sampuli 48,000 kwa sekunde, pointi mbili zinaachana kwa 21 µs. Ukingo wa 42 µs ungeuona kwa pointi mbili au tatu, wa 0.4 µs hutauona kamwe. Kidole na kipimajoto vitakusaidia zaidi.

Balbu ikikubali, weka mota, na balbu ihamie kwenye waya wa chanya wa betri, ila 555 ichukue umeme wake kabla ya balbu. Kukiwa na shoti popote, balbu itawaka kwa nguvu na mosfeti itapona. Ukiridhika ndipo uitoe balbu.

Jambo la mwisho ni umeme wa 555 yenyewe. Mota ikianza, volteji ya betri inashuka kwa nyaya zile, na 555 inaweza kuchanganyikiwa. Ilishe kupitia daiodi (hapa 1N4007 mpya inafaa kabisa), kisha 100 µF na 100 nF karibu na miguu ya 8 na 1. Mguu wa 4 uunganishe na wa 8, na mguu wa 5 uwe na 10 nF kwenda graundi. Nyaya za graundi za 555 na za mota zikutane sehemu moja tu, kwenye sosi ya mosfeti. Kwenye chanya ya betri, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ya 10 A. Haitaiokoa mosfeti, kwani mosfeti hufa kabla fyuzi haijakatika, lakini mota ikikwama usipokuwepo, nyaya hazitawaka moto. Na bati dogo la kupoza liwekwe tu, hata kama hesabu inasema halihitajiki.